Kadi za Harusi za Dato Shahrom

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Kampung Seri Tebing, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mbuzi wa Mak Jah anayekula mabango ya uchaguzi, wanatangaziwa kwamba Shahrom bin Uda, mshona kofia, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ametunukiwa cheo kitukufu cha Dato. Na kwamba mkewe, Kalsom, kuanzia sasa ataitwa Datin, na asiyemwita hivyo atahesabiwa kuwa amelelewa porini.

Tangazo hili lingependeza zaidi kama Sultani angekuwa na habari nalo. Hakuwa nayo. Aliyempa Pak Shahrom udato ni kadi ya harusi ya binti yake mkubwa, Hasnita: kadi ya rangi ya maziwa, yenye maua ya dhahabu pembeni, nakala mia sita, iliyochapwa dukani kwa Taukeh Loh karibu na stendi ya mabasi.

Mak Kalsom ndiye aliyeletewa habari kwanza, na aliyemletea ni muuza samaki.

"Datin! Karibu, Datin! Sogeeni bwana, mpisheni Datin."

Mak Kalsom aligeuka nyuma kumtazama huyo Datin. Hapakuwa na mtu ila paka.

"Ni wewe, mama yangu," alisema muuza samaki. "Kadi tumeipata jana. Hongera sana, na mzee mpe salamu. Vibua leo ringgit kumi na nane."

"Juzi vilikuwa kumi na nne."

"Juzi ulikuwa Mak Kalsom."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo ili asionekane ana kiburi. Kisha akaomba aione hiyo kadi. Akaisoma mara moja, akaisoma tena, akaacha vibua mezani na kurudi nyumbani na kadi ya watu mkononi, ikinuka samaki.

Akaiweka juu ya cherehani, mbele ya mumewe. Ilisomeka hivi: *Dato Shahrom bin Uda na Datin Kalsom binti Mat Piah wanayo furaha kuwaalika...*

Mtu atauliza, ilikuwaje kadi zote hizo zikatoka nyumbani humo bila mtu kuziona? Jibu ni rahisi. Pak Shahrom bila miwani hatofautishi kadi na leso, na Hasnita siku zile alikuwa akishindana na fundi wa nguo. Karatasi ya maneno ilipelekwa kwa Taukeh Loh na binti mdogo, Insyirah, na ni yeye pia aliyezitia kadi kwenye bahasha na kuzifunga. Insyirah alikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, msichana wa miaka kumi na sita, mwerevu, mtiifu, mwenye mwandiko uliowahi kupata zawadi, na msimulizi hana neno lolote baya la kusema juu yake.

Pak Shahrom hakupiga kelele. Aliinuka, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akarudi kuketi.

"Zimetoka ngapi?"

"Mia tano na arobaini," alisema Mak Kalsom.

"Na ya kasri?"

"Ya kasri ilikwenda ya kwanza. Si ulisema mwenyewe Tuan Badiuzzaman wa itifaki asisahauliwe?"

Pak Shahrom akaigeuza kadi, akaigeuza tena, kama anayetafuta mlango wa kutokea.

Udato aliujua kuliko wengi waliokuwa nao. Kila mwaka, kabla ya siku ya kuzaliwa Sultani, watu walioitwa kasrini walikuja dukani kwake kupimwa kichwa, kwa kuwa hakuna anayeshona kofia nyeusi ya mahameli kama yeye. Aliwashonea, kisha akawafundisha bila malipo namna ya kuinua viganja mpaka kwenye paji la uso bila kofia kuanguka. Wengine walimpigia magoti yeye kwa mazoezi, mameneja na makandarasi, juu ya sakafu yenye vipande vya uzi, naye akawa Sultani kwa dakika mbili kisha akarudi kwenye sindano. Cheo kile hakichukuliwi, mtu hupewa. Hupewa kwa mkono wa Sultani mwenyewe, na mtu akiharibu hunyang'anywa. Anayejipachika anakwenda kwa hakimu.

"Unamkumbuka muuza vitamini?" alimuuliza mkewe.

Nani asingemkumbuka? Mwaka uliopita bwana huyo alinunua udato hotelini, kwa mtu aliyejifanya sultani, akabandika nembo kwenye gari. Alionyeshwa kwenye televisheni akiwa na pingu, ameinamisha kichwa chenye kofia.

"Kofia ile," alisema Pak Shahrom, "niliishona mimi."

*

Kesho yake Mak Kalsom alikwenda kwa Taukeh Loh, na Insyirah akafuatana naye kumbebea mwavuli.

"Taukeh, umetuua."

"Mimi?" Taukeh Loh alivua miwani. "Kalsom, miaka ishirini nachapa kadi mji huu. Ukiniletea karatasi kwamba mumeo ni mfalme wa mwezini, nachapa mfalme wa mwezini, nakuuliza tu unataka wino wa dhahabu au wa kawaida."

"Karatasi yetu haikuwa na Dato."

"Ilikuwa nayo. Nilisema moyoni, alhamdulillahi, na mimi hata si Mwislamu, nikasema leo mtu wa kweli kakumbukwa."

"Ilete basi!"

"Imo kwenye magunia ya karatasi za mwezi mzima. Nitatafuta."

"Haipo. Ulikosea, sasa unaficha. Mwongo wewe!"

Dukani mlikuwa na watu watano. Mama mmoja aliyekuja kuagiza kadi za mwanawe alizikunja karatasi zake polepole, akazirudisha mkobani, akasema atapita siku nyingine. Taukeh Loh alimwangalia akitoka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Insyirah wakati wote huo alikuwa akisoma kalenda iliyotundikwa ukutani, kwa umakini ambao walimu wake wangeufurahia.

*

Jumatatu alikuja baba wa bwana harusi, Haji Mukriz, mkaguzi wa shule mstaafu, anayetembea kama bado anakagua. Alikuwa na kapu la mashokishoki mekundu, makubwa, ya kuchagua.

"Dato!" alisema mlangoni, akamkumbatia Pak Shahrom. "Dato wangu! Mtu mzito unajifanya mwepesi! Tungejua lini sisi, kama si kadi?"

"Haji, kaa kwanza."

"Nakaa, nakaa. Nimebadilisha ukumbi. Meza ya mbele itakuwa na kitambaa cha mahameli, na mtangazaji nimempa jina lako kamili. Ulitunukiwa mwaka gani? Mke wangu anauliza. Na nishani iko wapi tuione?"

Nyuma ya pazia Hasnita alisimama na hina mbichi mikononi, vidole vimetanuka, asiweze kugusa kitu.

Pak Shahrom akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akarudi mwanzo, lakini ilitosha. Haji Mukriz alikuwa akimenya shokishoki. Akalirudisha kapuni likiwa nusu maganda.

"Nimewaambia watu arobaini," alisema.

"Nisamehe, Haji."

"Watu arobaini, Shahrom." Dato ilikuwa imekwisha, na hata Pak ilikuwa imekwisha. "Waliokuwa wanafunzi wangu. Wakubwa. Wataniuliza, je, mkwe wako alijipachika? Nitasema nini?"

"Utasema ni kosa la kadi."

"Kila mwizi husema ni kosa la kadi. Sikiliza. Mwanangu haoi kesi. Niletee barua ya kasri, yenye muhuri, kwamba si wewe uliyefanya jambo hili, na harusi ipo pale pale. Bila barua, Jumamosi ya harusi tutakuwa na shughuli nyingine."

"Shughuli gani?" aliuliza Mak Kalsom.

"Tutaitafuta."

Akatoka. Walimsikia akivaa viatu, wakasikia hatua zake changaraweni, kisha wakasikia hatua zikirudi. Haji Mukriz alichungulia, akasema, "Samahani," akachukua kapu lake.

*

Barua ya kasri ilikuja kweli, siku ya pili yake, lakini si ile aliyoitaka Haji Mukriz. Ililetwa na kijana wa pikipiki aliyekataa hata maji. Shahrom bin Uda afike ofisi ya itifaki, Alhamisi saa nne asubuhi, na kadi moja, na karatasi ya asili aliyopewa mchapaji.

Tangu saa hiyo nyumba iliingiwa na baridi. Mak Kalsom alipika wali bila chumvi na hakuna aliyelalamika. Pikipiki ikipita barabarani, wote waliacha kutafuna mpaka ipite. Jirani mmoja alileta mayai aliyoahidi kwa ajili ya harusi, akauliza, "Niyaache, au nisubiri kwanza?" na alipoona hajibiwi akasubiri kwanza. Hasnita alilala kifudifudi na mikono yake yenye hina nje ya shuka, nyekundu kama imeungua. Pak Shahrom, aliyekuwa akitunga uzi sindanoni huku anaongea na wateja, sasa alijaribu mara sita, akaiweka sindano chini.

"Watamfunga?" Hasnita alimuuliza mdogo wake.

"Hawamfungi."

"Umejuaje?"

Insyirah alikwenda kuosha vyombo. Hakula siku hiyo, wala iliyofuata, jambo la kawaida kwa wasichana wenye moyo laini.

Jumatano asubuhi Pak Shahrom alikwenda peke yake kwa Taukeh Loh. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alimtazama binti yake mdogo kwa muda, kama anavyokitazama kichwa kabla ya kukipima. Kisha akaketi kwenye cherehani na kukata mahameli.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Mak Kalsom.

"Yangu. Siwezi kwenda kasrini na hii ya kijivu."

Kwa miaka thelathini hakuwahi kujishonea mpya. Alivaa zile ambazo wateja walizikataa. Sasa alikata bitana, akakata karatasi ngumu za kutia kati ili kofia isimame, akamwita Insyirah amshikie taa, maana mawingu ya mvua yalikuwa yametia giza dukani.

"Adik," alisema, akimwita kama kitinda mimba wa nyumba, bila kuinua macho. "Shuleni kwenu, mtoto akighushi, hufanywa nini?"

Taa ilicheza kidogo. "Hufukuzwa, Baba."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Mwaka jana kuna mmoja alighushi cheti cha daktari. Alifungasha kabla ya chakula cha mchana."

"Na wale wanaosomeshwa kwa ufadhili, kama wewe?"

"Ufadhili unakatwa."

"Haurudi?"

"Haurudi."

Pak Shahrom akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na akaona anaimudu. "Haya. Nipe uzi mweusi."

Akachukua karatasi moja zaidi iliyokunjwa mara nne, akaiingiza kati ya mahameli na bitana, akaishona ndani kwa mishono midogo ambayo jicho haliioni.

*

Alhamisi Mak Kalsom alibaki na Hasnita, aliyekuwa hajainuka kitandani. Kwa hiyo Pak Shahrom alikwenda na Insyirah, mmoja mbele na mmoja nyuma ya pikipiki.

Taukeh Loh alikuwa amefika kabla yao, ameketi kwenye benchi la ofisi ya itifaki na shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Jina la duka lake lilikuwa chini ya kadi, herufi ndogo, na kwa herufi hizo ndogo leseni yake ilikuwa mashakani. Alimwamkia Pak Shahrom. Insyirah hakumtazama.

Tuan Badiuzzaman alikuwa mtu mwembamba, mpole, na upole wake ndio uliotisha. Kadi ilikuwa mezani mbele yake, peke yake, imenyooka. Kichwani alivaa kofia ya mahameli, na waliomo chumbani wote walijua imetoka mkono gani.

"Pak Shahrom," alisema. "Sitaki maneno mengi. Mchapaji akiwa amekosea, nitashughulika naye. Mtu mwingine akiwa amefanya mzaha, nitashughulika naye. Lakini mtu akiwa amejipa mwenyewe, hapo si kazi yangu tena. Faili linakwenda polisi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Tuan."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Taukeh Loh aliruka kwenye benchi. "Shahrom! Umekula nini leo?"

"Nyamaza, Loh. Niliandika mimi, Tuan. Uzee na tamaa. Nimewashonea wengi, nikaona na mimi nionje. Loh hana kosa."

"Una binti anayeolewa," alisema Tuan Badiuzzaman.

"Ninaye."

"Nimesikia wakwe wanangoja barua yangu."

"Wanangoja."

"Na bado unasema ni wewe."

"Ni mimi, Tuan."

Tuan Badiuzzaman alivuta karatasi nyeupe, akaisukuma mbele ya mzee, akaweka kalamu juu yake. "Basi andika. Jina lako, na cheo mbele yake, kama ulivyoandika siku ile."

Pak Shahrom alishika kalamu. Akaandika *Shahrom bin Uda*, polepole, akiacha nafasi mbele. Nafasi hiyo ilibaki. Kalamu ilikwenda mpaka pale ikasimama, ikaacha nukta moja ya wino.

"Siwezi, Tuan," alisema mwishowe. Jasho lilimtoka chini ya kofia mpya. "Sultani hakunipa. Mkono unakataa."

"Lakini kwenye kadi haukukataa."

Pak Shahrom aliirudisha kalamu juu ya karatasi.

"Karatasi ya asili iko wapi?"

"Imepotea."

Tuan Badiuzzaman akamgeukia mchapaji. Taukeh Loh akatazama dari. "Nilimpa jana mkononi," alisema, na ilimuuma kusema. "Tuan, nisamehe, mimi nina duka."

"Pak Shahrom. Iko wapi?"

Mzee aliinamisha kichwa.

Hapa msimulizi, aliyewaonyesha mpaka aliyekuwa nyuma ya pazia, na kuwaambia karatasi ilikunjwa mara ngapi, anafika mahali pabaya. Angependa kuendelea kusema Insyirah alifanya hivi, Insyirah alifanya vile. Haiwezekani. Tuan Badiuzzaman alikuwa amegeuza shingo na alikuwa akinitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyemshikia taa," alisema. Hakujua habari za taa. Kwa kweli alisema, "Wewe ndiye binti yake," lakini mimi nilisikia taa.

"Imo ndani ya kofia," nilisema.

Baba akafumba macho. "Adik, kaa kimya."

"Imo ndani ya kofia, Tuan. Kati ya mahameli na bitana. Ni mwandiko wangu. Baba aliniandikia maneno, mimi nikayanakili upya, nikaongeza Dato na Datin. Taukeh hakukosea hata herufi. Mama alimwita mwongo mbele ya watu watano na mimi nilikuwa pale, nasoma kalenda."

Baba alivua kofia. Aliigeuza, akatafuta mshono, akaukata uzi kwa meno. Karatasi ikatoka, na wino wangu wa zambarau, na ile D yangu yenye mkia iliyopata zawadi. Tuan Badiuzzaman aliisoma. Kisha akaninyooshea ile kalamu.

"Utaandika yote na kutia sahihi. Barua ya baba yako nitaiandika mimi, leo. Mkuu wa shule utamwambia mwenyewe, kabla sijamwambia mimi. Na kadi mia tano na arobaini utazifuata nyumba kwa nyumba, ufute hayo maneno mbele ya mwenye nyumba, useme ni nani aliyeyaandika. Utaanzia kwa Haji Mukriz." Akangoja. "Sababu?"

"Mzaha, Tuan. Bwenini tunapeana vyeo. Kuna Dato wa Bafu, kuna Tan Sri wa Uji. Nilidhani Baba ataona kabla hazijatoka, tucheke."

"Wewe ndiye uliyefunga bahasha."

"Ndiyo, Tuan."

"Basi sababu?"

Ningeweza kumpa nyingine. Ninazo nyingi, ndiyo kazi yangu shuleni. Lakini kofia ilikuwa magotini kwa Baba, imefunguka bitana, na kichwa chake bila kofia kilikuwa kidogo kuliko nilivyojua.

"Siku ya wazazi, mwezi wa tatu," nilisema. "Penye kivuli waliegesha akina Dato. Mlinzi alimwambia Baba aondoe pikipiki, nafasi zile zina wenyewe. Watatu kati yao kofia zao kawashonea yeye. Alisimama juani na chakula changu mkononi, saa nzima, akaniambia baadaye alilitaka jua. Nikasema moyoni, siku moja na yeye watampisha."

"Ulikuwa wapi saa hiyo nzima?" aliuliza Tuan Badiuzzaman.

Hili halikuwamo kwenye karatasi ya zambarau, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wake.

"Darasani, ghorofa ya pili. Nilimwona tangu alipoingia. Wenzangu walikuwa dirishani, wakauliza yule mzee wa pikipiki kamfuata nani. Nikasema simjui. Nilishuka walipoondoka."

Nilidhani Baba hatainua macho. Aliinua.

"Nilikuona," alisema. "Dirisha la tatu."